Mwamba wa Misa, Tobernalt au Lough Derg: uende kusali wapi ukiwa Ireland?

Kila ikikaribia Juni, swali ni lile lile. Mtu wa nyumbani aliyehamia Ireland kikazi, au mzazi aliyekuja kumwona mwanawe, hunipigia simu: "Dada, Knock, kule kwenye hija ya Bikira Maria, nimeshafika. Sasa nataka kwenda pale Wairishi walikosalia porini enzi za kuteswa. Nina siku mbili tu. Niende wapi?" Mimi humjibu kwa swali: unakwenda na nia gani, na magoti yako yana hali gani? Wengine hudhani namzungusha tu. Ukweli ni kwamba sehemu hizi hazifanani hata kidogo, na nimewaona watu waliokwenda isiyowafaa wakarudi wamechoka, wamelowa, na hawakusali.

Nimefika zote tatu ninazozilinganisha hapa, nyingine zaidi ya mara moja: miamba ya Misa, yaani mawe yaliyotumika kama altare, iliyotawanyika mashambani, chemchemi ya Tobernalt karibu na Sligo, na kisiwa cha toba cha Lough Derg huko Donegal.

Kwa nini walisali nje

Mateso yalianza mapema. Askari wa Cromwell, jemadari Mprotestanti wa Kiingereza, walipoingia Ireland mwaka 1649, padri aliwindwa kama mnyama. Lakini sheria zinazokumbukwa zaidi ni zile zilizofuata baada ya mfalme Mkatoliki, James wa Pili, kushindwa vitani mwishoni mwa karne ya 17. Bunge la Dublin, lililokuwa mikononi mwa Waprotestanti, lilianza kuwabana Wakatoliki ambao ndio waliokuwa wengi nchini. Sheria ya 1697 iliwaamuru maaskofu na mapadri wa mashirika ya kitawa waondoke kabla ya tarehe 1 Mei 1698. Mwaka 1704 mapadri wa parokia wakatakiwa kujiandikisha, mmoja kwa kila parokia, na walioandikwa walikuwa 1,089. Tazama hesabu hiyo ilivyopangwa: padri akifa hana wa kumrithi, kwa sababu hakuna askofu wa kumpa mwingine daraja. Kanisa lilipangiwa lizeeke na lizikwe pamoja na mapadri wake.

Mwaka 1709 mapadri hao wakaambiwa wale kiapo cha kumkana mwana wa James, Mkatoliki aliyedai kiti cha ufalme. Karibu wote walikataa, na wakawa wahalifu. Dau likatangazwa: pauni 50 kwa atakayemfichua askofu, pauni 20 kwa padri asiyeandikishwa, pauni 10 kwa mwalimu wa Kikatoliki. Kamba ililegezwa polepole kuanzia mwaka 1778, na ni mwaka 1829 tu, kwa juhudi za Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki wa Ireland, ndipo Mkatoliki aliporuhusiwa kukaa katika bunge, ambalo wakati huo lilikuwa London.

Jambo hili si la mbali kwetu. Edel Quinn, binti wa Kanturk katika jimbo la Cork, alifika Nairobi mwaka 1936 akiwa na kifua kikuu, akazunguka Afrika Mashariki akianzisha Lejio ya Maria hadi alipofariki mwaka 1944. Kaburi lake liko St. Austin's, Nairobi. Mapadri wa Kiltegan, wamisionari kutoka Ireland, waliokwenda kuadhimisha Misa chini ya migunga ya Turkana walikuwa wazao wa watu waliopiga magoti kwenye majani mabichi wakimsubiri padri aliyekuja kwa kujificha. Mimi nilibatizwa katika kigango cha Rombo ambako padri alifika mara moja kwa mwezi. Niliposimama mbele ya mwamba wa kwanza wa Misa nilihisi nimewahi kufika.

Vipimo ninavyotumia

Kabla ya kutaja sehemu yoyote, jiulize mambo manne. Kwanza, unataka historia yenye karatasi, au simulizi ya wazee inakutosha? Pili, unataka sala ya namna gani: ya kimya, ya umati, au ya kuutesa mwili? Tatu, mwili wako unaweza nini, nasi tukijua kwamba mvua ya Ireland haina msimu? Nne, utafikaje, na hati zako za kusafiria zinakuruhusu kupita wapi? Hili la nne wengi hulisahau, na ndilo linaloweza kuleta balaa.

1. Mwamba wa Misa

Historia yake. Kwa Kiirishi huitwa Carraig an Aifrinn. Usitarajie jengo. Ni jiwe, mara nyingi bapa kwa juu, bondeni au nyuma ya vichaka, mahali ambapo mlinzi aliyesimama kilimani angewaona askari kabla wao hawajawaona waamini. Yapo mamia nchini kote. Baadhi yana msalaba uliochongwa, mengine hayana alama yoyote, unaambiwa tu, "ni hili hapa." Habari ya mahali na saa ya Misa ilipita mdomo kwa mdomo. Wazee husimulia kwamba padri alifunikwa uso au pazia likawekwa kati yake na watu, ili mtu akibanwa na hakimu aweze kuapa bila dhambi kwamba hakuona ni nani aliyeadhimisha.

Nakuambia wazi: miamba mingi haina hati ya kuithibitisha. Na sheria hazikukaza kila mahali kwa kiwango kimoja. Kulikuwa na sehemu ambako hakimu alifumba macho, na Wakatoliki wakasali katika vibanda vya makuti ya huko, yaani nyasi na udongo. Vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 1731 Baraza la Malordi la Dublin liliagiza vihesabiwe. Kwa hiyo si kila mwamba ulitumika kwa miaka mia moja mfululizo. Mimi hilo halinipunguzii kitu. Kumbukumbu ya kijiji iliyotunzwa kwa vizazi kumi nayo ni ushahidi wa jinsi watu walivyoithamini Misa. Ila kama wewe unahitaji tarehe na sahihi, ujue mapema.

Kuna miwili ninayowaelekeza watu. Inse an tSagairt, huko Bonane katika jimbo la Kerry, uko msituni kando ya kijito, kati ya Kenmare na Glengarriff. Jina lake lina maana ya uwanda wa mtoni wa padri, na simulizi ya hapo ni kwamba padri aliuawa. Wa pili uko Cork, kwenye barabara ya pwani kutoka Schull kwenda Goleen, mahali panapoitwa Altar, yaani altare. Hilo kwa asili ni kaburi la mawe la watu wa kale, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ambalo katika karne ya 18 wenyeji walilifanya altare ya Misa. Bahari iko mbele yake, na gari unaliacha hatua chache tu.

Sala ya leo. Hakuna padri anayekusubiri, hakuna ratiba, hakuna duka la rozari. Parokia nyingine huadhimisha Misa kwenye mwamba wao mara moja kwa mwaka, mara nyingi kiangazi. Siku nyingine zote uko wewe, ng'ombe na upepo. Wanaozoea Knock huja wakasimama dakika tano, wakapiga picha, wakaondoka. Mtu aliyekulia kigangoni ana faida hapa, maana ameiona Jumapili bila padri: katekista anaongoza, masomo yanasomwa, sala za waamini zinatolewa na akina mama wanaanzisha wimbo. Fanyeni hivyo hivyo. Chukueni masomo ya siku na mmoja aongoze.

Mama yangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka Altar kwa sababu ya goti lake la kushoto. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na jiwe la juu lilikuwa limejaa vidimbwi vidogo. Hakusema lolote. Alifungua khanga aliyojitanda mabegani, akafuta maji yale kuanzia katikati kwenda pembeni, akakamua, akafuta tena, kama anavyofuta meza ya altare kigangoni asubuhi ya Jumapili kabla padri hajafika. Kisha akaitandika ile khanga mbichi juu ya jiwe na kuweka rozari yake. Tulisali matendo ya uchungu yote matano, na gari lililopita barabarani lilipunguza mwendo.

Mwili na njia. Altar hata mwenye fimbo anafika. Miamba mingine iko ndani ya mashamba ya watu: omba ruhusa, funga kila geti ulilolifungua, na usikatishe zizi lenye fahali. Vaa gambuti. Bila gari binafsi ni vigumu, maana mabasi ya vijijini ni machache na hayapiti huko.

Inamfaa nani. Anayetaka ukimya, jumuiya ndogo ya watu watano hadi kumi na mbili yenye gari mbili, mwenye kazi ya zamu asiyeweza kufuata ratiba ya mtu. Haimfai anayetaka kuungama au kupokea Ekaristi siku hiyo.

2. Tobernalt

Historia yake. Hii ni chemchemi kandokando ya ziwa Lough Gill, kama kilometa tano kutoka mjini Sligo. Watu walikusanyika hapa tangu kabla ya Ukristo, na mkusanyiko wa mwisho wa Julai una mizizi katika sikukuu ya kale ya mavuno. Sligo ilikuwa na konventi ya Wadominiko iliyoanzishwa mwaka 1253 na kuchomwa moto mwaka 1642. Magofu yake bado yapo mjini, ukipata saa moja yapitie. Sheria zilipokaza, watu walikwenda kwenye maji na miti ya Tobernalt, na jiwe likawa altare. Jiwe hilo lina alama ambazo wenyeji husema ni za vidole vya Mtakatifu Patrisi, na wenye maumivu ya mgongo huliegemea.

Sala ya leo. Hapa ndipo tofauti inapoonekana. Kuna altare, kuna Njia ya Msalaba kati ya miti, kuna groto ya Bikira Maria, na Jumapili ya mwisho ya Julai, iitwayo Jumapili ya Mashada, Misa huanza alfajiri na watu humiminika gizani wakitembea kwa miguu. Ukipenda Misa yenye umati na nyimbo, chagua siku hiyo. Siku za kawaida pia hutakuwa peke yako: kuna mama anayejaza chupa ya maji, mzee anayesali rozari kabla ya kwenda sokoni.

Niseme jambo moja kwa ndugu zangu. Ukikuta vitambaa vilivyofungwa kwenye matawi usishtuke. Sisi tulifundishwa kuacha kufunga vitu mitini, na mara ya kwanza moyo wangu ulikataa kabisa. Nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa akifunga utepe wa mtoto. Aliniambia ni nia ya mjukuu wake aliyelazwa, na ameiacha mbele ya Mungu kama vile mtu anavyoacha mshumaa. Mimi bado sifungi, huwasha mshumaa. Lakini tangu siku ile huwaombea wenye vitambaa.

Mwili na njia. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa asiye na gari. Treni kutoka kituo cha Connolly, Dublin, hufika Sligo kwa saa tatu hivi, kisha teksi. Njia zimetengenezwa, ila kuna ngazi, na mawe huteleza yakilowa. Mshike mzazi mkono.

Inamfaa nani. Familia yenye watoto na wazee, anayetaka mahali pa mateso ambapo bado pana uhai wa parokia, anayeanza. Anayetafuta upweke aende Jumanne asubuhi ya Novemba, au aende kwenye mwamba.

3. Lough Derg

Historia yake. Kwa hati, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote tatu. Kisiwa hiki, kinachojulikana kama Toharani ya Mtakatifu Patrisi, kilikuwa maarufu Ulaya nzima katika Zama za Kati. Mwaka 1632 serikali iliamuru kibomolewe na kikabomolewa. Watu wakarudi. Sheria ya 1704 ikakitaja kwa jina: wanaokusanyika huko wahesabiwe kuwa wafanya ghasia, watozwe shilingi 10 kila mmoja, na asiyeweza kulipa achapwe viboko hadharani. Watu wakarudi tena. Kutoka enzi hizo kumebaki misalaba midogo ya mbao, imechongwa kwa kipande kimoja, mikono yake mifupi na mwaka umekwaruzwa nyuma, ambayo mahujaji waliondoka nayo. Inasemwa mikono ilifanywa mifupi ili msalaba uingie kwenye mkono wa koti bila kuonekana. Ukibahatika kuuona kwenye jumba la makumbusho, tazama jinsi mbao ilivyong'aa kwa kushikwa.

Sala ya leo. Siku tatu, kati ya mwanzo wa Juni na tarehe 15 Agosti. Unaanza kufunga usiku wa manane kabla ya kufika. Unavuka kwa mashua, unavua viatu, na hutavaa tena hadi siku ya kuondoka. Mlo ni mmoja kwa siku: chai ya rangi bila maziwa, mkate mkavu na vikate vigumu vya oti. Usiku wa kwanza hulali. Mkesha ni wa saa 24. Unasali vituo tisa: vitatu siku ya kwanza nje kwenye "vitanda," vinne usiku ndani ya basilika kwa sauti ya pamoja, cha nane siku ya pili, cha tisa asubuhi ya kuondoka. Vitanda hivyo ni sita, misingi ya mawe inayosemwa ilikuwa vibanda vya watawa wa kale. Unazunguka kila kimoja kwa miguu mitupu ukisali Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, unapiga magoti mlangoni, unazunguka ndani, unapiga magoti msalabani.

Nilidhani njaa ndiyo ingenishinda. Haikuwa njaa. Saa kumi alfajiri, katika kituo cha saba, midomo yangu ilisali na akili ilikuwa imeondoka. Aliyenirudisha ni mwanamume mmoja mnene wa pembeni yangu aliyeanza Salamu Maria kwa sauti ya juu kila alipoona kichwa changu kinainama. Hatukujuana majina. Kulipokucha tukatoka nje, ziwa limetulia, na visubi vikatushambulia vifundo vya miguu.

Mwili na njia. Umri wa chini ni miaka 15, na ni lazima uweze kutembea na kupiga magoti bila msaada. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito: usijaribu. Kwa hao kuna mafungo ya siku moja, kabla na baada ya msimu mkuu, ambako hakuna kufunga wala kuvua viatu. Malipo yapo na unajiandikisha mapema.

Sasa lile la hati. Lough Derg iko Donegal, karibu na Pettigo, mji ambao mto mdogo unaugawa kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni Uingereza. Mabasi ya Dublin kwenda Donegal hupitia Enniskillen, upande wa Uingereza. Mpakani huoni geti, lakini kibali chako cha kuishi Ireland si viza ya Uingereza, na polisi wakipanda basi unaweza kushushwa. Kama huna viza hiyo, pitia Sligo, kisha Ballyshannon na Laghey, ushuke Pettigo kwa barabara ya ndani ya Donegal. Ni mzunguko, nao ni salama.

Inamfaa nani. Mwenye jambo zito: msiba, toba ya miaka, uamuzi wa wito au ndoa. Kijana mwenye afya anayetaka kupimwa. Simshauri mtu aende kwa sababu rafiki yake amekwenda.

Ukiwa katika hali hii, nenda huku

Umekuja na mzazi zaidi ya miaka 65 na mnaishi kusini: Altar, mchana wa jua kama litapatikana, na khanga ya akiba. Mnaishi Dublin na hamna gari: Tobernalt, kulala Sligo usiku mmoja.

Una siku moja tu na uko Dublin: hakuna mojawapo ya hizi utakayoifanya kwa utulivu. Panda treni hadi Drogheda, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, ambako kichwa cha Mtakatifu Oliver Plunkett kimetunzwa. Alikuwa askofu mkuu wa Armagh, akauawa Tyburn, London, tarehe 1 Julai 1681, na kutangazwa mtakatifu mwaka 1975. Si mahali pa nje, lakini ni mtu wa enzi hizo hizo.

Umefiwa na hukuweza kwenda nyumbani kuzika: kama mwili unaruhusu, Lough Derg. Usiku ule wa mkesha una nafasi ya kulia, na hakuna atakayekuuliza. Kama mwili hauruhusu, nenda Tobernalt siku ya kazi, ukapite Njia ya Msalaba polepole.

Jumuiya yenu inataka hija ya pamoja na watoto wapo: Tobernalt kwanza, mwamba wa Misa mwaka unaofuata. Vijana wa kwaya wakitaka Lough Derg wapelekeni wenyewe, wenye zaidi ya miaka 15, wakiwa na makoti ya mvua na soksi za kuvaa wakitoka.

Na kama unafanya zamu za usiku, huna likizo, huna nauli ya Kerry wala Donegal, usihesabu kwamba umekosa. Jumapili hii Misa ikiisha, simama mlangoni pa kanisa la parokia yako ya huko kijijini, umsalimie mzee yeyote mwenye kofia, umuulize mwamba wa Misa wa karibu uko wapi. Mimi niliuliza hivyo mwaka wangu wa kwanza. Yule mzee alinitazama kwa muda, akamwambia mkewe atangulie nyumbani, akatoa funguo za gari mfukoni.